Herufi Tatu Dirishani

Kwa miaka mingi madalali wa nyumba wa London walikuwa na desturi ya kubandika vikaratasi madirishani, kila kikaratasi na nyumba yake: vyumba vingapi, mtaa gani, kodi kiasi gani. Chini kabisa, aghalabu kwa wino mzito kuliko maelezo mengine, yaliandikwa maneno machache ya Kiingereza yenye maana kwamba DSS hawatakiwi. Mgeni aliyeshuka jana kutoka kwenye ndege angeweza kudhani DSS ni kabila. Kumbe ni kifupi cha jina la Idara ya Usalama wa Jamii, wizara iliyoundwa mwaka 1988 na kuvunjwa mwaka 2001, iliyosimamia mafao ya wazee, wagonjwa, wasio na kazi na wenye kipato kidogo. Wizara ilipokufa jina lake halikuzikwa nalo. Liliendelea kukaa dirishani kwa karibu miaka 20 zaidi, na halikuwa tena jina la ofisi bali la mtu: mpangaji ambaye kodi yake, yote au sehemu, hulipwa kwa msaada wa Serikali.

Nimeishi mashariki ya London tangu mwaka 1994, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasaidia Waswahili wenzangu kusoma barua na kujaza fomu za msaada huo, ambao wao wanauita kwa kifupi "hausing". Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote, na wazee hasa, ni hili: mwenye nyumba anakataaje fedha za Serikali? Kwetu mpangaji anayelipiwa na Serikali ni wa kugombaniwa. Mtu aliyempangisha nyumba ofisa wa wizara au wa shirika la umma alihesabiwa kuwa amepata bahati, na majirani walimwonea kijicho. Inakuwaje huku mambo yageuke juu chini?

Jibu halimo katika roho mbaya ya mwenye nyumba mmoja mmoja, ingawa roho mbaya nazo zipo. Limo katika historia ya zaidi ya miaka 100, na bila ya historia hiyo barua za halmashauri hazisomeki hata kwa anayejua Kiingereza.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Mwingereza wa kawaida hakuwa na nyumba yake wala ya halmashauri. Alipanga kwa mtu binafsi. Inakadiriwa kwamba familia 9 katika kila 10 ziliishi hivyo. Kodi ilipanda na kushuka kama bei ya viazi, na aliyeshindwa kulipa alitolewa nje yeye na godoro lake. Mwaka 1915 mambo yaligeuka huko Glasgow, mji wa viwanda vya meli na silaha. Wafanyakazi walimiminika kwa ajili ya kazi za vita, nyumba zikawa hazitoshi, na wenye nyumba wakapandisha kodi wakati wanaume wa familia nyingi walikuwa mahandakini Ufaransa. Wanawake wa Govan, mmoja wa viongozi wao akiwa Mary Barbour, wakagoma kulipa nyongeza. Mtu wa mahakama alipokuja kumtoa mpangaji, kengele ilipigwa, wanawake wakajaa ngazini na kumpokea kwa unga na chochote kilichokuwa karibu ya mkono. Tarehe 17 Novemba 1915, wapangaji 18 walipoitwa mahakamani, maelfu ya wafanyakazi waliacha kazi viwandani wakaandamana hadi mlangoni pa mahakama. Kesi ikaachwa, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likapitisha sheria iliyoirudisha kodi ya nyumba za watu wa kawaida katika kiwango cha Agosti 1914 na kuifungia hapo.

Msomaji wa Zanzibar anajua kwamba Ng'ambo nako, mwaka 1928, watu waliokuwa na vibanda vyao juu ya ardhi ya wenyewe waligoma kulipa kodi ya kiwanja. Naitaja habari hiyo kwa kuwa vijana wetu waliozaliwa hapa hudhani kugombea kodi ni jambo la Kizungu.

Kwa hiyo jibu la kwanza la Uingereza kwa mpangaji maskini halikuwa kumpa fedha. Lilikuwa kumzuia mwenye nyumba. Jibu la pili, kuanzia sheria ya mwaka 1919, lilikuwa halmashauri kujenga nyumba zenyewe na kuzipangisha, na zikajengwa kwa wingi hata ikafika karibu mwaka 1980 familia takriban moja katika kila tatu ilikuwa katika nyumba ya halmashauri. Msaada wa fedha ulikuja nyuma ya yote mawili, kama kiraka.

Hata aliyeushona mfumo mzima alikwama penye kiraka hicho. William Beveridge, alipoandika ripoti yake ya mwaka 1942 iliyoweka msingi wa hifadhi ya jamii ya Uingereza, aliona kwamba chakula cha mtu wa London hakipishani sana kwa bei na cha mtu wa Scotland, wala nguo zao, lakini kodi ya nyumba hupishana vibaya, mji kwa mji na hata mtaa kwa mtaa. Ukiwalipa wote sawa, mmoja utamwacha na njaa na mwingine utamwacha na ziada. Ukimlipa kila mtu kodi yake halisi, basi kodi ikipanda Serikali itapanda nayo. Mwishowe alichukua wastani wa shilingi 10 kwa wiki kwa familia na kuendelea na kurasa nyingine. Serikali zilizofuata, kila moja kwa zamu yake, zimerudi papo hapo alipokwama.

Mwaka 1957 sheria mpya ilianza kufungua kodi zilizozuiwa. Nyumba ikibaki tupu, mwenyewe aliweza kupangisha tena kwa bei aitakayo. Hapo ndipo lilipotokea jina la Peter Rachman, mzaliwa wa Poland aliyefika Uingereza baada ya vita, akanunua majumba mabovu ya Notting Hill, magharibi ya London. Wapangaji wa zamani wenye kodi ndogo walisumbuliwa mpaka wakaondoka, na vyumba vyao vikapewa watu wa visiwa vya Karibi, ambao wakati huo walikuta kila mahali vibao vya kuwakataa watu weusi. Rachman hakuwakataa. Aliwapokea, na akawatoza. Alikufa mwaka 1962, na kashfa ilipofumuka mwaka uliofuata jina lake likaingia katika kamusi za Kiingereza. Mwaka 1965 Serikali ya chama cha Labour ikaleta kodi ya haki, iliyopangwa na ofisa maalumu. Vibao vya rangi vilikuwa havijakatazwa. Sheria ya ubaguzi ya mwaka huo haikuzigusa nyumba, ikabidi ingojewe ile ya mwaka 1968.

Nimekaa kidogo kwa Rachman kwa sababu funzo lake limesahauliwa. Mpangaji akikataliwa nyumba 9 haimaanishi kwamba atalala nje. Inamaanisha kwamba mwenye nyumba ya 10 anaweza kumtoza apendavyo kwa chumba chenye ukungu ukutani.

Habari za miaka ya 1970 nitazipitia haraka. Sheria ya mwaka 1972 ilipandisha kodi za halmashauri na kuleta punguzo kwa maskini, na kwa mara ya kwanza mpangaji wa mtu binafsi mwenye kipato kidogo, hata akiwa kazini, akawa na haki ya posho ya kodi nchi nzima. Sheria ya mwaka 1982 ikazikusanya posho zote katika chungu kimoja na kuzikabidhi kwa halmashauri. Hiyo ndiyo "hausing" yenyewe, iliyoanza kwa awamu mwishoni mwa mwaka huo na mwaka 1983, kwa vurugu kubwa ya mafaili.

Zama zilizotuzaa sisi zilianza na sheria mbili. Ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa, wakazinunua kwa mamia ya maelfu, na zilizouzwa hazikujengwa nyingine za kutosha. Ya mwaka 1988, iliyoanza kazi tarehe 15 Januari 1989, iliondoa uzuiaji wa kodi kwa mikataba yote mipya ya watu binafsi na kuleta upangaji wa muda mfupi, ambao mwenye nyumba aliweza kuuvunja kwa notisi ya miezi 2 bila ya kutoa sababu. Kifungu cha notisi hiyo ni cha 21, na hakuna Mswahili wa London asiyekijua kwa namba. Kodi sasa ingewekwa na soko. Na maskini je? Mwaka 1991 waziri wa nyumba, Sir George Young, alijibu Bungeni kwa uwazi ambao mawaziri wa siku hizi hawana: asiyeweza kulipa kodi ya soko, msaada wa kodi ndio utakaoubeba mzigo huo.

Hapo pana tofauti kubwa na sisi. Tanzania, mwaka 1971, Serikali iliyachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Baba zetu waliokaa katika majumba ya Msajili hawakusahau mabomba yaliyovuja miaka mitano, lakini pia hawakumsahau aliyewapangisha: lilikuwa jengo la umma, na hesabu yake ilikuwa ya umma. Uingereza ilifanya kinyume. Jengo likabaki la mtu, bei ikabaki ya mtu, na umma ukachukua bili. Sisemi kwamba njia yetu ndiyo iliyokuwa bora. Waliopokonywa majengo yao Dar es Salaam wana historia yao na wana haki ya kuisimulia. Nasema tu kwamba ukikubali kubeba bili usiyoipanga wewe, iko siku utaitazama ukaruka.

Sasa turudi kwa yule dalali na kikaratasi chake. Sababu zake nimezisikia kutoka kwa wenye nyumba wenyewe, maana baadhi yao ni watu wetu: wamenunua nyumba ya pili kwa mkopo, hasa tangu mabenki yalipoanza kutoa mikopo maalumu ya nyumba za kupangisha mwaka 1996. Ya kwanza ni kalenda. Mkataba unataka kodi ya mwezi ilipwe mwanzoni. Halmashauri ililipa nyuma, baada ya wiki 4, yaani siku 28, na mwezi una siku 30 au 31. Hundi zilikuwa 13 kwa mwaka na kodi ni 12, na katikati hesabu hazikulingana kamwe. Ya pili ni foleni. Ombi jipya lilitaka vyeti asili, hati za mishahara, barua ya mwenye nyumba, na likikosa karatasi moja lilirudi nyuma. Nimewaona watu waliongoja miezi 3 bila ya kulipwa senti, na huku benki ya mwenye nyumba haingoji. Ya tatu ni kurejeshwa. Halmashauri ikigundua baadaye kwamba mpangaji alilipiwa zaidi, iliweza kumdai mwenye nyumba aliyepokea fedha hizo, hata kama hakujua lolote. Ya nne ni mabenki na bima, ambazo baadhi ziliandika katika masharti yao kwamba nyumba isipangishwe kwa wanaopokea mafao. Na ya tano inachekesha kwa uchungu: mpangaji akipewa notisi na kwenda halmashauri kuomba pa kukaa, mara nyingi aliambiwa abaki ndani mpaka mahakama itume watu wa kumtoa, maana akitoka mapema atahesabiwa kuwa amejifukuzisha mwenyewe. Mwenye nyumba alilipa gharama za mahakama, na mwaka uliofuata alibandika herufi tatu dirishani.

Kwa hiyo sababu zilikuwepo, tena nyingi ziliundwa na Serikali ileile iliyosema msaada utaubeba mzigo. Lakini angalia ni nani aliyevishwa aibu. Si halmashauri iliyochelewa, wala benki iliyoweka sharti. Fedha zilitoka hazina zikaishia kwa mwenye nyumba, mpangaji hakuzishika hata mkononi, lakini jina la kula mafao alibaki nalo yeye.

Kuna jambo jingine ambalo msemaji wa mtaani halijui: wengi wanaopokea msaada huu wanafanya kazi. Nimejaza fomu za wasafishaji wa ofisi, wapishi wa shule, walinzi, wauguzi wasaidizi. Kwa sheria iliyoanza Aprili 1988, kipato kikipita kiwango kilichowekwa, kila pauni moja ya ziada ilipunguza msaada wa kodi kwa peni 65. Na aliyepata pia punguzo la kodi ya halmashauri alipoteza peni 20 nyingine juu yake. Mama aliyefanya saa za ziada akaleta nyumbani pauni 10 safi alibakiwa na pauni 1 na nusu. Kisha akajaza fomu ya mabadiliko ya kipato, na malipo yake yakasimamishwa wakati mabadiliko yanahesabiwa.

Watu wetu waliingia katika mfumo huu wakati mlango ukianza kufungwa. Wabarawa, ambao Kiswahili chao cha Chimwiini ni ndugu wa Kiswahili chetu, walikimbia vita vya Somalia tangu mwaka 1991. Wazanzibari walikuja kwa wingi baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, na tena baada ya ule wa mwaka 2000 na mauaji ya Januari 2001. Mwaka 1996 waombaji hifadhi ambao hawakuomba palepale walipotua walikatiwa mafao. Sheria ya mwaka 1999 ikawatoa waombaji wote katika mfumo wa kawaida, na kuanzia mwaka 2000 wakatawanywa katika miji ya mbali. Ndiyo maana mtu wa Mkoani, Pemba, alijikuta katika mji wa Kiingereza ambao hajawahi kuusikia, kwa kuwa nyumba huko ni rahisi. Alipokubaliwa hifadhi alikuwa na siku chache tu za kutoka katika nyumba aliyopewa, na hapo ndipo alipokutana na dirisha la dalali, bila ya amana, bila ya kodi ya mwezi wa kwanza, bila ya barua ya mwenye nyumba wa zamani. Kwetu tulijua kilemba. Hapa kilemba kina majina mengi na risiti, lakini ni kilemba.

Namkumbuka bibi mmoja wa Kipemba, Mungu amrehemu, aliyeniletea barua yake ya halmashauri ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mtandio. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, nisomee, lakini usinisomee mbio." Barua ilisema kodi yake ni kubwa kupita kiwango cha eneo, na kwamba msaada utakuwa pungufu kwa pauni 23 kwa wiki. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Hizo 23 ananipa nani?" Nikamweleza anaweza kuomba malipo ya hiari ya halmashauri, yaliyoanzishwa mwaka 2001 kwa watu wa namna yake, lakini ni ya muda na si haki. Akaitia barua katika mtandio. Baadaye nilijua kwamba jiko la nyumba ile lilikuwa halipati moto siku mbili katika wiki.

Pengo lile la pauni 23 ndilo historia ya miaka iliyofuata. Likapewa sura mpya Aprili 2008, ilipoanza posho ya nyumba ya kiwango kwa wapangaji wa watu binafsi nchi nzima. Nchi iligawanywa katika maeneo, na kila eneo likawekewa kiwango kwa idadi ya vyumba ambavyo familia inavihitaji, katikati kabisa ya kodi za hapo. Fedha sasa zililipwa kwa mpangaji mwenyewe, ati ajifunze kujitegemea. Aliyepata nyumba ya chini ya kiwango aliruhusiwa kubaki na hadi pauni 15 kwa wiki. Wapangaji wachache walifurahi. Wenye nyumba wakaona uhakika wao wa mwisho umeondoka, vikaratasi vikaongezeka.

Ilipofika mwaka 2010 bili ya msaada wa kodi ilikuwa imepita pauni bilioni 20 kwa mwaka, na Waziri wa Fedha, George Osborne, alilieleza Bunge juu ya familia zilizolipiwa pauni 104,000 kwa mwaka. Familia hizo zilikuwa chache sana, lakini ndizo zilizobaki vichwani mwa watu. Kuanzia Aprili 2011 kiwango kikashushwa kutoka katikati hadi sehemu ya chini: ukizipanga nyumba 10 za eneo kwa bei, msaada utatosha 3 za chini tu. Ukawekwa pia ukomo usiozidi pauni 400 kwa wiki hata kwa familia ya watoto wengi. Januari 2012 mtu asiye na mke wala mtoto wa chini ya miaka 35, ambaye zamani aliweza kulipiwa nyumba ya chumba kimoja akishatimiza 25, akarudishwa katika kiwango cha chumba kimoja ndani ya nyumba ya kuchangia. Mwaka 2013 likaja dari la mafao yote kwa pamoja. Na kuanzia Aprili 2016 viwango vikagandishwa kwa miaka 4, wakati kodi hazikuganda.

Naomba msomaji alitazame kwa makini hilo la nyumba 3 katika 10, maana hata lenyewe si 3. Hesabu hufanywa kwa kodi ambazo watu wanalipa katika mwaka uliopita, wakiwemo waliokaa nyumba moja miaka 8 na mwenyewe kawaonea haya kuwapandishia. Anayetafuta nyumba leo hatafuti katika orodha hiyo. Anatafuta katika zilizo wazi leo, kwa bei ya leo. Nimekaa na vijana mbele ya tarakilishi tukitafuta eneo zima nyumba ya vyumba viwili iliyo ndani ya kiwango, tukapata moja, na katika picha yake paonekana ndoo chini ya dari.

Viwango vilirudishwa kwenye ile sehemu ya chini Aprili 2020, wakati wa korona, vikagandishwa tena. Vikarudishwa Aprili 2024, vikagandishwa tena tangu Aprili 2025. Wakati huohuo Universal Credit, iliyoanza kwa majaribio mwaka 2013, imechukua nafasi ya "hausing" kwa watu wa umri wa kufanya kazi, nayo hulipa mara moja kwa mwezi, nyuma, baada ya kungoja wiki 5. Wazee waliostaafu wamebaki na ile ya halmashauri. Katika nyumba moja ya Waswahili unaweza kukuta mama yumo katika mfumo mmoja na mwanawe katika mwingine, na kila ofisi inataka barua ya ofisi ya pili.

Herufi tatu zenyewe zilianguka kwanza mahakamani. Mwanamke mmoja mwenye ulemavu, mama wa watoto wawili, aliyelipa kodi yake kwa wakati siku zote, alikataliwa na dalali kwa sababu tu ya mafao, akaishia kukosa makazi. Akisaidiwa na shirika la Shelter alishtaki, na tarehe 1 Julai 2020 mahakama ya York ilisema kwamba kukataa wapokea mafao wote kwa jumla ni kinyume cha Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, kwa kuwa wanaoumia zaidi ni wanawake na watu wenye ulemavu. Hoja hiyo ni ya kupita mlango wa nyuma: sheria haikumlinda maskini kwa umaskini wake, ilimlinda kwa kuwa ni mwanamke na ni mlemavu. Mwanamume mzima wa mwili aliye fukara ilibidi angojee. Aliingojea hadi sheria ya haki za wapangaji iliyotiwa saini ya Mfalme tarehe 27 Oktoba 2025, ambayo imekataza waziwazi kwa England kumkataa mtu kwa sababu ya mafao au kwa sababu ya watoto, imefuta Kifungu cha 21, na imezuia kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla ya kuingia. Siku ya kuanza kwa mambo hayo iliwekwa kuwa 1 Mei 2026.

Miaka 37 tangu kifungu kile kianze kutumika. Nimewasomea watu notisi zake nyingi kiasi kwamba nayajua maneno yake kwa moyo, na sitakificha kwamba nilifurahi.

Lakini sheria hiyo haikugusa kiwango cha msaada. Dalali hawezi tena kusema hapana kwa DSS. Anaweza kusema, kwa adabu na kikombe cha chai, kwamba kipato cha mwombaji hakitoshi kwa kodi hii, na mara nyingi atakuwa amesema kweli, maana pengo lipo na hesabu ni hesabu. Ataomba mdhamini. Mdhamini anayetakiwa ni mtu mwenye mshahara mnono au mwenye nyumba yake hapa Uingereza, atakayetia saini kwamba mpangaji akishindwa yeye atalipa. Mama mmoja wa Tanga alinijia na fomu kama hiyo. Ana wadogo zake watatu, mmoja Muscat, mmoja Tanga, mmoja Leicester. Wa Muscat ndiye mwenye nyumba, ghorofa mbili na bustani, lakini fomu haikuwa na nafasi ya kuandika Muscat. Tukampigia wa Leicester, anayeendesha basi na kupanga vyumba viwili na watoto wanne. Akasema, "Dada, mimi mwenyewe niko kwenye hausing."